Kabureta ya piki ya zamani inavuja: kubadilisha sindano ya floti mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho

Piki ya mzee ni Yamaha DT175. Alikuwa anaendea nayo wakulima huko Vihiga enzi akiwa afisa wa kilimo, sai iko kwangu hapa Kisumu lakini kuna kipindi ilikuwa inalala nyumbani, kwa store iliyoshikana na jikoni. Asubuhi moja saa kumi na moja mama akaingia kuwasha jiko, kiberiti kiko mkononi, akaskia harufu. Hakuwasha, alifungua mlango akaita. Nilipofika na tochi nikakuta sakafu imelowa kuanzia chini ya injini mpaka karibu na mlango wa jikoni, na kabureta bado inadondosha tone baada ya tone. Sindano ya floti ilikuwa imeisha. Kitu kadogo hivi, kafupi kuliko njiti ya kiberiti.

Tangu siku hiyo kila mtu mwenye piki ya zamani nikimpata namuuliza inalala wapi. Wengi wetu tunalaza ndani juu ya wezi, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini sakafuni mpaka ufike kwa jiko au koroboi hata kama iko chumba cha pili. Kama yako inanuka petroli usiku, leo funga tapu ya tanki na uitoe karibu na moto, halafu ufanye hii kazi wikendi.

Kwanza elewa venye inafanya kazi. Ni kama ile boya ya tenki la choo. Mafuta yanaingia kwa bakuli ya kabureta, floti inapanda nayo, floti ina kaulimi kadogo ka chuma kanasukuma sindano juu, sindano inaingia kwa siti yake (katundu inapokaa) na kuziba. Injini ikinywa, floti inashuka, sindano inaachilia kidogo, mafuta yanaingia tena. Hiyo kazi inafanyika muda wote ukiendesha, na kwa barabara zetu za murram kila mtetemo unaigonga sindano kwa siti. Ncha ya sindano nyingi ni ya raba ngumu nyeusi (za zamani kabisa ni shaba tupu) na baada ya miaka inachorwa mstari wa duara pale inapogusa siti. Mstari ukishaingia ndani, haizibi tena vizuri.

Ishara zake ni hizi: inadondosha ikiwa imesimama na tapu iko wazi, plagi inatoka nyeusi na imelowa, ikishapata moto na ukaizima inakataa kuwaka mpaka ufungue throto yote, na mafuta yanaisha haraka. Kwa tustroki kama DT (zile zinachoma oili pamoja na petroli) petroli inaweza shuka mpaka chini ya pistoni, kiki inakuwa nzito na ikiwaka inatoa moshi mwingi. Kwa fostroki kama Honda XL au CG kuna hatari ingine, petroli inapita kwa silinda inaingia kwa oili. Chomoa kijiti cha oili unuse. Ikiwa imepanda na inanuka petroli usiwashe hiyo injini kabisa, mwaga oili yote uweke mpya ukishamaliza kabureta, juu oili iliyochanganyika na petroli hailindi beringi.

Lakini kabla hujafungua chochote, jiulize uko wapi. Kisumu iko mita 1,131 juu ya bahari, Nakuru karibu 1,850, na ukipanda Timboroa umepita 2,700. Huko juu hewa ni nyepesi, kwa hivyo kabureta iliyosetiwa vizuri Kisumu itatoa plagi nyeusi ukifika Timboroa bila sindano kuwa na shida yoyote. Nimeona watu wa Kisumu wakienda Eldoret na kurudi wamebadilishiwa sindano iliyokuwa nzima. Njia ya kutofautisha ni rahisi: urefu kutoka baharini haufanyi kabureta idondoshe ikiwa imesimama. Nyeusi bila kudondosha, angalia mambo ya jeti (vile vitundu vya kupima mafuta ndani ya kabureta) na chujio ya hewa. Nyeusi na inadondosha, endelea kusoma.

Vitu vya kutafuta

Bisibisi ya nyota inayoingia skrubu ikae imara ndio muhimu kuliko zote, na nitaeleza kwa nini. Plaisi yenye mdomo mwembamba, spana ya boksi ya 10 kwa siti (za wengine ni saizi tofauti), rula ya chuma au vania, paipu ya plastiki inayoonyesha ndani kama nusu mita, pamba za masikio, dawa ya kung'arisha shaba, petroli safi kidogo kwa kopo, beseni nyeupe. Beseni nyeupe juu kitu kikianguka utakiona. Na ndoo ya mchanga karibu. Petroli ikishika moto maji yanaitembeza tu, mchanga ndio unaizima. Fanyia nje, mbali na jiko, na kama jirani yako ni fundi wa kuchomelea ngoja amalize siku yake.

Kuhusu spea, ukienda dukani usiseme tu "sindano ya kabureta". Utapewa ile ndefu inayoning'inia kwa slaidi (kile kipande kinapanda na kushuka ukizungusha throto), hiyo ni kitu ingine kabisa. Sema sindano ya floti na siti yake, na ubebe ile ya zamani mkononi. Hapa Kisumu maduka ya spea za boda yamejaa vifurushi vya kabureta ya CG125, na kwa sababu injini nyingi za boda za China zimetokana na hiyo Honda iliyoanza kuuzwa 1976, muuzaji atakuambia inaingia tu. Inaweza kuingia na bado isiwe yenyewe. Weka mbili kando kwa kando juu ya kioo, vichwa vikiwa sawa, uangalie urefu. Ikizidi hata nusu milimita, kiwango cha mafuta kimebadilika. Linganisha umbo la ncha, upana wa mwili, na kaspringi ka nyuma kama yako inako. Kwa kabureta za kampuni ya Mikuni, siti ina namba imechorwa, mfano 2.0 au 2.5, hiyo ni upana wa tundu kwa milimita. Nunua namba ile ile. Na nunua gasketi ya bakuli na washa ya siti siku hiyo hiyo, juu zile za zamani zikishafunguliwa zinapasuka.

Kutoa kabureta

Funga tapu, chomoa paipu ya mafuta, fungua skrubu ya chini ya bakuli umwage petroli kwa kopo. Iangalie hiyo petroli kwa mwanga. Ukiona unga mwekundu chini ya kopo ni kutu ya tanki, na hapo ujue sindano mpya itakufa kama ile ya kwanza mpaka usafishe tanki na uweke chujio kwa paipu. Ukiona matone yanajikusanya chini kama shanga, hayo ni maji.

Legeza klipu mbili, ya upande wa injini na ya upande wa chujio ya hewa (kuna piki zinashikwa na nati mbili badala ya klipu), fungua kifuniko cha juu ambacho kebo ya throto inaingia, vuta slaidi juu polepole na uifunge kwa plastiki safi uining'inize kwa handlebar. Ile sindano ndefu inapindika rahisi sana.

Kwa wenye Yamaha tustroki, hapa ndio chunga. Kuna modeli ambazo kapaipu kadogo ka oili kutoka kwa pampu kanaingia kwa kabureta yenyewe. Ukikachomoa hewa inaingia, na ukiwasha bila kuitoa, injini inakimbia bila oili mpaka hewa iishe na pistoni inaweza kushika. Kama unaweza kufanya kazi bila kukachomoa, kaache. Ukilazimika, kazibe, na wakati wa kurudisha legeza skrubu ya kutoa hewa kwa pampu mpaka oili itoke bila mapovu. Mimi baada ya hapo huchanganya oili kidogo kwa tanki pia, safari ya kwanza tu.

Pangusa kabureta nje vizuri na brashi kabla ya kufungua bakuli. Mchanga punje moja kwa siti ndio utakurudisha hapa wiki ijayo.

Kufungua bakuli

Skrubu nne. Zimekaa hapo miaka arobaini na ni za shaba au chuma laini. Nyota ya Kijapani si sawa kabisa na ile ya bisibisi za kawaida, inaonekana sawa lakini bisibisi inapanda juu na kukwangua. Jaribu bisibisi kadhaa uchague ile inayoshika bila kucheza. Weka matone ya oili nyepesi ungoje nusu saa, gonga kichwa cha bisibisi kidogo na nyundo skrubu ishtuke, halafu sukuma chini kwa nguvu zaidi kuliko unavyozungusha. Ikikataa, mwagia bakuli maji moto ya chai ujaribu tena. Moto wa ukweli hapana. Nikizitoa mimi sizirudishi, nabeba moja dukani natafutiwa zile za kichwa cha aleni.

Bakuli ikitoka, geuza kabureta kichwa chini taratibu na usiguse floti bado. Pima kwanza. Kutoka pale gasketi inakaa mpaka sehemu ya juu kabisa ya floti, ulimi ukiwa umegusa sindano kidogo tu. Andika. Hiyo namba si ya kuamini asilimia mia, juu sindano iliyolika inaingia ndani zaidi na floti inakuwa chini kuliko inavyotakiwa, lakini itakuonyesha kama kuna mtu alishakunja ulimi kabla yako.

Sasa kapini ka floti. Kwa Mikuni nyingi kanateleza tu. Kwa kabureta za Keihin zilizo kwa Honda kameshikwa na vinguzo viwili vya alumini, na kimoja kinabana kuliko kingine. Hivyo vinguzo vikivunjika kabureta imeisha, hakuna wa kukuchomelea ikarudi sawa. Tafuta msumari mwembamba, kata ncha iwe bapa, shikilia kinguzo kwa kidole upande wa pili, na usukume kapini kutoka upande unaolegea. Kukipiga na nyundo nimeshafanya, kwa Honda ya rafiki yangu, na nilimtafutia kabureta ingine miezi miwili kwa pesa yangu. Kakikataa weka oili ulale, kesho katatoka.

Inua floti, sindano itatoka nayo au itabaki kwa siti. Ishike, igeuze kwa mwanga. Mimi hutumia kamera ya simu, navuta picha karibu mpaka ncha ijaze skrini, na tochi iwe kando isiwe mbele. Ya mzee ilikuwa na mtaro mzima kuzunguka koni, umeng'aa, na upande mmoja ulikuwa mpana kuliko mwingine kama kisigino cha kiatu kilicholika. Pia bonyeza kaspringi ka nyuma, lazima karudi chenyewe bila kukwama.

Usiishie kwa sindano

Hapa ndipo wengi wanapotea na mimi nilipotea. Mara ya kwanza nilinunua sindano peke yake, nikaweka, ikanyamaza wiki mbili, ikaanza tena. Siti ndio ilikuwa imechorwa. Sindano na siti zimezoeana, sindano mpya kwa siti mbovu inalika haraka kuifuata.

Kama siti yako ni ya kufungua, weka spana ya boksi iliyonyooka, legeza, toa na washa yake, weka mpya na washa mpya, kaza kwa mkono halafu robo tu zaidi. Ni shaba ndani ya alumini laini, ukikaza kwa hasira unatoa nyuzi. Kuna Mikuni ambazo siti imeshikwa na kipande kidogo cha bati na skrubu, na kuna ringi ya raba kuizunguka. Hiyo ringi ikikauka mafuta yanapita nje ya siti na hakuna sindano itakayoyazuia. Ibadilishe.

Honda nyingi siti imesukumwa ndani ya mwili moja kwa moja na haitoki. Hiyo unaing'arisha. Kata pamba ya masikio, ichovye kwa dawa ya shaba, ingiza kwa siti na uizungushe kwa vidole, dakika mbili tatu, badilisha pamba, rudia mpaka pamba itoke bila weusi. Msasa usiingize hapo, wala waya. Halafu osha na petroli na upulize na kompresa, dawa isibaki hata kidogo. Ukiangalia ndani na tochi unataka kuona duara moja jembamba linalong'aa pote sawa.

Angalia na vitu viwili vingine. Floti itikise sikioni, ukiskia kitu kinachezacheza ndani imejaa mafuta na haiwezi kupanda. Ya shaba izamishe kwa maji moto, tundu litatoa mapovu. Na bakuli, kama yako ina kale kabomba ka ovaflo (ka kutoa mafuta yakizidi) kamesimama katikati, mimina petroli ndani karibu ifike mdomo wa kabomba, iweke juu ya karatasi kavu dakika kumi. Hako kabomba kanapasuka mstari mwembamba kama unywele na kabureta itavuja milele hata ukiweka sindano za dhahabu.

Kiwango cha floti

Rudisha sindano mpya kwa ulimi (kama ina kaklipu, kaning'inie venye kalikuwa), floti, kapini. Sasa lalisha kabureta upande mpaka ulimi uguse tu kichwa cha sindano bila kubonyeza kaspringi, na upime tena. Namba sahihi iko kwa manuali ya modeli yako na mwaka wake, usichukue ya piki ya jirani. Kuna Mikuni ambazo floti mbili zimeachana na mkono, kwa hizo kabureta ikiwa kichwa chini mkono unatakiwa uwe sambamba na uso wa gasketi, hakuna kupima zaidi.

Kama namba imekosea, kunja ulimi kidogo sana. Ukiukunja kuelekea sindano, floti inainuka, namba inakuwa kubwa, na mafuta ndani ya bakuli yanakuwa chini. Hiyo inachanganya watu juu unapima kitu kikiwa kichwa chini, namba kubwa ni mafuta kidogo. Shika mkono wa floti na plaisi unapokunja, usiegemeze nguvu kwa sindano, utachora ile raba mpya kabla haijafanya kazi.

Na hapa nina uchungu na fundi mmoja. Kabla ya ile asubuhi ya mama, piki ilikuwa imeshapelekwa kwake ikivuja, akakunja ulimi mafuta yashuke, uvujaji ukapotea. Mzee akiupanda ule mlima wa kwenda Kapsabet injini inakosa mafuta na kuzima katikati, anafikiri ni plagi. Baada ya muda sindano ikalika zaidi, ikaanza kuvuja tena, na safari hii usiku. Ulimi ni wa kuseti kiwango. Ukiutumia kuficha sindano iliyoisha umeahirisha tu.

Jaribu ikiwa bado mkononi

Usirudishe kwa piki kwanza. Chukua paipu safi, weka kwa mdomo wa kuingizia mafuta, kabureta ikiwa kichwa chini upulize kidogo. Hewa isipite. Igeuze wima, hewa ipite. Kupuliza tu, usivute hata kidogo. Ikikubali, funga bakuli na gasketi mpya, skrubu ukikaza kwa mshazari. Halafu chupa ndogo ya petroli, itundike juu kama tanki inavyokaa, unganisha, kabureta iwe wima juu ya beseni. Ngoja robo saa. Kama bakuli ina mdomo wa kumwagia unaoshika paipu, vika ile paipu ya plastiki, ipinde juu kando ya bakuli, legeza skrubu, na utaona kwa macho mafuta yamesimama wapi ukilinganisha na mstari wa gasketi. Yakisimama chini yake kidogo na yasiposogea, umefaulu. Yakipanda polepole mpaka juu ya mstari, rudi kwa siti.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa. Kumbuka mkato wa slaidi unaelekea chujio ya hewa, na pembeni kuna mfereji unaoingia kwa kapini, slaidi ikikaa vibaya throto inakwama wazi, kwa hivyo zungusha throto mara kadhaa uskie inagonga chini kabla ya kupiga kiki. Badilisha plagi au uisafishe, ile ya zamani imelowa na itakudanganya.

Usiku wa kwanza ilaze nje au mahali hakuna moto, tapu ukiiacha wazi makusudi, na chini yake kipande cha katoni kavu. Asubuhi ukikuta doa, angalia liko chini ya nini. Chini ya paipu ya ovaflo, ni sindano, siti au kale kabomba. Chini ya kiungo cha bakuli, ni gasketi. Chini ya tapu yenyewe, kabureta haina makosa, ni raba ya tapu imekauka. Katoni ikiwa kavu usiku tatu mfululizo, funga tapu kama kawaida na uirudishe ndani.